Tangi la Bwana Harusi

Yule mama fundi wa skuta pale mjini Malang hashiki spana kabla hajasikiliza. Hulaza sikio juu ya tangi, hunusa vidole vyake vyeusi, na mteja akifungua mdomo humfokea kwa sauti ya kukwaruza: "Kimya! Acha mgonjwa aseme!" Siku hiyo ya mvua Darsono alifika akisukuma skuta, kavaa batiki na kilemba cha bwana harusi, ana haraka, maana kadhi alikuwa ameshaketi kwa kina bibi harusi.

"Mama, kila nikienda kidogo inazima! Kabureta nimesafisha, mpira wa mafuta nimebadilisha!"

Mama akachomoa mpira. Petroli ikadondoka kidogo, ikagoma. Akafungua kifuniko cha tangi, na hewa ikaingia kwa pupa, fyuuu! Hapo hapo petroli ikabubujika mpirani. Chini ya kifuniko palikuwa na mfuko wa nailoni, umeziba kitundu cha hewa.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi, Mama. Mvua isiingie."

Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Umeiziba pua, mwanangu, halafu unataka ikimbie!"

Akarudisha mpira na kifuniko, akapiga teke moja, skuta ikanguruma. Kisha akaukung'uta ule mfuko, akamvika Darsono juu ya kilemba.

"Vaa wewe. Haya, kimbia ukaoe!"

Bwana harusi akachomoka, ananuka petroli, anapiga honi njia nzima.