Duara la Kunyoosha Misuli

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, siku ya Jumatatu, binti yangu alitoka nje amevaa raba, suruali ya michezo na kanga iliyomfunika kuanzia kichwani hadi puani. Nilikuwa nimemsubiri dakika kumi, mkononi nina daftari, saa na filimbi ambayo mama yake alikuwa amenikataza kuipuliza.

Kuifikia asubuhi hiyo kulinichukua miezi minne. Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Aliacha netiboli kidato cha pili, baada ya wenzake kumcheka alipoanguka uwanjani, na tangu hapo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka kitandani hadi kwenye chaja ya simu. Muuguzi wa zahanati alimpima presha, akabadilisha mashine, akampima tena, kisha akaniambia mimi, si yeye: "Huyu mtoto asipoanza kuushughulisha mwili sasa, baba, tutaonana sana." Nikaazima vitabu, nikasoma habari za moyo na mapafu, nikachora ratiba na kuibandika mlangoni kwake. Aliigeuza, akaandika nyuma yake: *Usiingie bila hodi.*

Mwishowe alikubali kwa sharti moja.

"Nitakimbia, Baba. Lakini siku mtu akiniangalia, naacha. Na usinisemeshe tena habari za mazoezi."

Mimi ni fundi wa mizani. Nilitoka Didia, kule Shinyanga, miaka sita iliyopita, nikafungua kibanda katika mji mdogo mkoani Geita, kwa sababu penye dhahabu hakuna anayeiamini mizani ya mwenzake. Kazi yangu ni usahihi. Njia niliikagua mara mbili: kilomita mbili, kutoka kwetu hadi kwenye uwazi kando ya shamba la mihogo, saa ambayo wachimbaji wa usiku wameshalala na wa mchana hawajatoka. Jambo moja sikulikagua. Hapa hakuna mtu anayekimbia bure. Anayekimbia anawahi rashi: dhahabu imeonekana mahali, na anayefika kwanza ndiye mwenye shimo.

Jirani yetu mchimbaji alikuwa nje anapiga mswaki. Alichokiona ni msichana aliyeficha uso anakimbia, na nyuma yake fundi wa mizani ya dhahabu akiandika. Hakutusalimu. Alitema povu, akaingia ndani, akatoka na chepe.

"Mwangaluka, fundi," alinisalimu kwa Kisukuma alipotufikia, pumzi zikimpaa. "Tunaelekea wapi?"

"Mwangaluka. Hatuelekei popote. Ni mazoezi."

Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Sawa. Mazoezi. Nimekuelewa."

Siku ya pili walikuwa tisa. Siku ya tatu niliacha kuhesabu nilipofika thelathini na nne, kwa kuwa wengine walikuja wawili wawili kwenye pikipiki na giza lilikuwa likinichanganya. Walikimbia kimya, sururu mabegani. Nikisimama, wanasimama. Nikiandika sekunde, nasikia mnong'ono ukipita kutoka mbele hadi nyuma: "Ameandika. Ameandika!"

Nilijua sharti limevunjika. Tukiwa tunarudi nikamwambia binti, "Mwanangu, makubaliano ni makubaliano. Kesho upumzike."

"Kwa nini?"

"Wanakuangalia."

Akaishusha kanga hadi shingoni. "Hawaniangalii mimi, Baba. Wanaangalia ninapokanyaga."

Kesho yake nililichunguza jambo hilo nikaona ni kweli. Kati ya watu wote wale hakuna aliyemtazama mashavu wala kiuno. Macho yote yalikuwa kwenye raba zake. Akipunguza mwendo, wanainama. Kanga ikabaki nyumbani. Akaanza kuwachezea: anakata kushoto ghafla, anageuka, anaongeza mwendo hadi wenye sururu nzito wanabaki nyuma wakitukana.

"Huyu binti ana mapafu!" jirani alilalamika. "Mtu hakimbii hivi kwa ajili ya gramu. Hizi ni kilo."

Muda wake ulishuka kutoka dakika kumi na saba hadi kumi na tatu.

Kosa lililofuata lilikuwa langu, na lilikuwa la neno moja. Kitabu kilisema misuli inyooshwe baada ya mbio. Siku ya nane, pale kwenye uwazi, nilichora mstari wa mviringo kwa kijiti ili asimame katikati, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Haya, ingia kwenye duara."

Kwetu Didia, duara ni umbo. Hapa Geita, duara ni shimo la mchimbaji, lenye mwenyewe, wenye hisa na wenye kesi. Binti aliingia, akainama, akagusa ardhi kwa ncha za vidole.

"Amegusa!" mtu akapiga kelele.

Kufikia saa tatu asubuhi palikuwa na mashimo ishirini na mawili, yote nje ya mstari wangu kwa heshima, mengi ndani ya mihogo. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kuuza uji na chapati. Nilipanda juu ya kifusi, nikaeleza habari za presha na moyo. Walinisikiliza vizuri sana.

"Fundi," jirani alisema, akiwa ndani ya shimo lake hadi kiunoni, "mtu mzima na akili zake akimbie na mwanawe bila kufukuzwa, halafu warudi walikotoka? Tafuta uongo mwingine."

"Sina mwingine."

"Basi tuambie tu, ni mita ngapi kwenda chini?"

Walichimba siku mbili, wasipate kitu, wakaondoka wakisema dhahabu nimeihamisha.

Bibi mwenye shamba alinifuata kibandani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mihogo yangu, fundi." Alitaka laki mbili. Nikakubali, kwa sababu mstari niliuchora mimi.

Kilichoninyima raha hakikuwa fedha. Sasa watu walimtazama binti yangu kweli, usoni. Sokoni walimwita Binti Duara. Asubuhi iliyofuata nilisimama nje kwa saa ileile na hakutoka mtu. Nikapiga hodi, nikafungua. Kitanda kilikuwa kitupu.

Nilimkuta shambani, kichwa wazi, na chepe la jirani, anafukia. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa yule bibi wakakubaliana: kila shimo likifukiwa, elfu tano inapungua. Wapita njia walikuwa wamesimama.

"Wewe Binti Duara! Unaficha nini humo?"

"Njoo uone!"

"Nikija utanipa hisa?"

"Nitakupa chepe!"

Wakacheka, naye akacheka, na mikono haikusimama.

"Wanakuangalia," nilimwambia.

"Nawaona. Nishikie maji, Baba."

Alikwenda kila siku kwa mbio na kurudi kwa mbio, akafukia mashimo kumi na moja. La saba alilifukia mara mbili, kwa sababu waliomwona akilifukia waliamini kuna kitu ndani, wakalifukua. Bibi alilihesabu mara moja. Mengine kumi na moja alisema yaachwe, atapanda migomba. Kwenye daftari nilipunguza elfu hamsini na tano katika laki mbili. Hasara ikabaki shilingi laki moja na elfu arobaini na tano.