Anayeonja Chumvi

Mchuzi wa sato niliumwaga wote uani siku binti yangu wa miaka sita aliponiuliza, "Mama, nikuonjee chumvi?" Nilikuwa nimefunga, nalipa siku za Ramadhani nilizokula nikiwa mjamzito, kwa sababu mama mkwe alitaka ziishe upesi. Kichanga kinalia mgongoni, titi halina kitu.

Harufu ile ya sato na nyanya naijua. Kwetu Buhongwa, mama yangu naye alilipa siku zake peke yake, yeye anapika, sisi tunakula. Alikuwa akinidondoshea mchuzi wa moto kiganjani. "Onja, mama. Usinidanganye." Midomo yake ilipauka kama imepakwa unga. Siku moja nilisema chumvi imekolea, ili niwahi kucheza. Bibi mzaa baba akatema tonge. "Na akili nayo imefunga?" Mama akaomba radhi, wala hakunitaja. Ramadhani iliyofuata ikamkuta na mimba nyingine, siku zikaongezeka.

Kesho yake baada ya kuumwaga ule mchuzi, nilikwenda ofisi ya msikiti na barua. Mzee wa zamu akaitikia shikamoo yangu, akaisoma, akasema, "Haya ni ya nyumbani, mwanangu." Nikamwambia yameshaandikwa, apige mhuri tu. Barua yenyewe ilisema:

"Namlalamikia mama mkwe wangu kwa kunifungisha huku nanyonyesha, hadi maziwa yamekauka. Siku zangu nazijua, nitazilipa mtoto akiacha ziwa. Naomba aitwe, aambiwe mbele yangu. Shahidi ni binti yangu. Ndiye anayeonja chumvi."