Jina Ambalo Mama Hakutaka Kulitaja

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu pale Nyamasaria, mama yangu aligombana na mtu aliyekwisha kufa. Mtu huyo alikuwa dani, nyanya yetu mzaa baba, na ugomvi wenyewe ulihusu jina.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa mzima, akanyonya vizuri siku za mwanzo, kisha akagoma. Alilia mpaka sauti ikakauka. Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa, wakasema tumrudishe akiendelea hivyo. Nilikaa roho juu. Kila aliponyamaza nilikimbia kutazama kama anapumua.

Waya, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada yake baba, alipofika kutoka Awasi, hakuhitaji kipimo. Kwetu mtoto akilia namna ile, husemwa kuna marehemu wa ukoo anayetaka mtoto apewe jina lake. Hutajiwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na lile atakalotulia nalo ndilo lake. Waya akaketi kando ya kitanda, akaanza kutaja. Alipofika kwa Atieno, jina la dani, mtoto akanyamaza na kugeuza kichwa.

"Mama Akinyi," waya akamwambia mama, akimwita kwa jina langu, "hii mtoto imejisemea. Ita jina yake inyonye."

"Mama Ouma, mimi nafundisha Sande skul. Jumapili anabatizwa, ataitwa Eunike. Hayo mambo ya wafu niliacha."

"Haya. Ukizika, usiniite."

Hata mimi nilijua shida haikuwa Biblia peke yake. Dani alimtesa mama. Kabla sijazaliwa alimwita tasa mbele ya wageni, akamtafutia baba mke wa pili, na mama alipookoka akawa anamcheka akipiga magoti. Siku ile nilimsikia mama akimwambia baba jikoni, "Nikimbembeleza huyu mtoto, nitaita hiyo jina na mapenzi gani?" Baba akatoka nje. Naye alikuwa mtoto wa dani.

Jumapili kanisa lilijaa. Mtoto alikuwa amelegea, lakini mikononi mwa pasta akapata nguvu za kulia tena, hadi kwaya ikashindwa kumfunika. Nilitaka kupiga kelele: mama, taja tu! Nilimchukia dani, nikamchukia na Mungu kidogo, kisha nikaogopa kwamba wote wawili wamenisikia.

"Mtoto huyu anaitwa nani?" pasta akauliza.

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Pasta akauliza tena.

"Eunike," akasema. "Eunike Atieno."

Maji yakamwagwa. Mtoto hakunyamaza hata kidogo, akazidi. Nikamwona waya akiinamisha kichwa. Mama akamrudisha mtoto kwenye benchi letu, akamfunika na leso, akainama mpaka mdomo ukagusa lile paji la uso lenye maji.

"Atieno," akasema polepole. "Mama. Nimekusamehe. Acha mtoto anyonye."

Akanyonya. Mahubiri yote mama alikuwa analia, hajifuti.

Waya husema marehemu aliridhika. Pasta alisema ni ubatizo. Nesi mmoja aliniambia mama mwenye uchungu mwingi huweza kukosa maziwa, na mtoto akakata tamaa. Leo mimi ndiye ninayefundisha watoto pale kanisani, na wakiniuliza kama wafu hutaka kitu kwetu, nawajibu nilivyofundishwa, halafu narudi nyumbani sijaridhika. Mama alikuwa ameomba na kufunga kwa miaka, na kinyongo kile hakikutoka. Kilitoka siku alipolazimika kumbembeleza adui yake.

Mdogo wangu sasa yuko chuo. Akija likizo, mama humwita kutoka jikoni, "Atieno, njoo ule," nami huacha ninachofanya nikasikiliza kama kuna uchungu wowote umebaki katika sauti ile. Sijausikia. Lakini siachi kusikiliza.