Palizi ya Didia

Mimi ni fundi cherehani mjini Shinyanga, na nina ulimi mkali. Wateja wangu wanalijua hilo na bado wananiletea vitenge vyao. Siku za kikundi najitahidi kuuzuia. Kikundi chetu ni cha akina mama wa kanisani na wa msikitini, na kazi yetu ni moja: mgonjwa wa saratani asiye na uwezo akitoka kijijini, tunamtafutia nauli ya kwenda hospitali ya rufaa Mwanza, tunampa mtu wa kumsindikiza, na tunahakikisha halali njaa huko.

Mwaka juzi tulikuwa na mama mmoja wa Didia, mjane mwenye watoto wawili shuleni. Alikuwa ameshakatwa titi, na daktari akampangia dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu. Alimwambia waziwazi asiruke hata moja. Ya kwanza alikwenda. Siku ya dripu ya pili ilipofika tulimsubiri stendi mpaka basi likaondoka, na simu yake haikupatikana.

Mwenyekiti wetu, muuza mitumba aliyezaliwa Tanga, akasema twende tukamwone. Tukabeba sukari, sabuni na khanga, nami nikabeba hasira zangu.

Tulimkuta shambani, amekaa kwenye tuta la jaruba la mpunga, anang'oa majani kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa bado haunyanyuki vizuri. Salamu niliikata katikati.

"Mama, watu wanahangaika kwa ajili yako, wewe uko shambani? Unataka kufa?"

Aliniacha nimalize. "Mayu, usikasirike," alisema taratibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nikienda Mwanza nakaa siku nne, nikirudi nalala wiki nzima. Majani hayanisubiri. Nikipona, hawa watoto nitawalisha nini?"

Tulikuwa tumefikiria nauli, chakula, mpaka shuka za kulalia, shamba halikuwamo. Niliona aibu, na nilistahili.

Mwenyekiti akauliza majirani wako wapi. Mama akatazama pembeni. Kule watu hupalilia kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Msimu ule yeye hakuwa amekwenda kwa mtu yeyote, na asiyekwenda kwa wenzake anawaitaje kwake? Ugonjwa wenyewe hakuwa amewaambia. Wao walidhani amejitenga tu.

"Basi tutapalilia sisi," akasema mwenyekiti.

Sasa, mtu wa mitumba na mpunga wapi na wapi? Mimi mwenyewe nimezaliwa mjini, mpunga naujua ukiwa wali. Jumamosi tulifika watu saba, na mabuti ya mvua, tukaingia kwenye maji kwa bidii na nyimbo za dini mbili. Kufikia saa nne jaruba la kwanza lilikuwa limekwisha na tunajisifu. Mama akatuletea uji. Alisimama kwenye tuta, akalitazama jaruba, kisha akatazama rundo tulilotupa pembeni. Akaweka sufuria chini.

"Huo ni mpunga," alisema. "Mmeacha magugu."

Kuna gugu linalofanana na mpunga mchanga kama pacha wake. Sisi tuliona yaliyonawiri tukasema ndiyo mazao, tukang'oa yale membamba. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, ameshika ubavu wenye kovu, akituomba tusiseme kitu tena tutamuumiza. Jirani wa shamba la pili akasikia, akaja kuona kulikoni. Akalitazama rundo, akatutazama na sisi, akaguna.

"Nani kawaleta hawa?"

Ikabidi mama aeleze yote: titi, dripu, na zamu alizokosa.

"Unaumwa hivyo, hukusema?"

"Sikuja kwenu. Ningewaitaje?"

"Mgonjwa hana zamu," jirani alimjibu. "Ungesema tu." Kisha akatugeukia. "Ninyi akina mama, wabeja sana, asanteni. Lakini tokeni kwenye maji. Hospitali ni yenu, shamba ni letu."

Tulitoka bila ubishi. Miche iliyokuwa bado na mizizi majirani waliirudishia siku ileile, na kufikia Jumatatu shamba lote lilikuwa safi. Jumanne mama alipanda basi la Mwanza. Daktari alimgombeza kwa kuchelewa, akampa dripu ya pili, na baada ya hapo hakuruka tena.

Ya sita nilimsindikiza mimi. Daktari alimpima, akaridhika, akampa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu kwa uchunguzi tu. Furaha niliyokuwa nayo siku ile sijawahi kuipata kwa nguo yoyote niliyoshona. Tukakaa kwenye benchi la nje, akaniomba nimsomee tarehe kwenye kadi. Akahesabu kwa vidole.

"Wiki hiyo tunatengeneza majaruba kwa jirani," alisema. "Nina zamu. Nenda ukamwambie daktari anisogezee siku."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumgombeza. Halafu nikakumbuka kwamba wakati wa palizi mwanamke huyu hakuwa na zamu kwa mtu yeyote. Nikachukua kadi, nikarudi ndani kupanga foleni.