Kikombe cha Getini

Kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu yeyote, Marie-Louise hufungua kitambaa cha bluu, hutoa kikombe kimoja cha bati chenye mshikio uliopinda, hukijaza chai ya maziwa yenye sukari nyingi, kisha huvuka barabara kumpelekea mlinzi wa geti la kiwanda. Husimama palepale mpaka mlinzi amalize kunywa. Halafu hukisuuza kikombe, hukifunga tena, na hapo ndipo biashara yake ya chai na mandazi inapoanza, hapo Jacobs, mtaa wa viwanda wa jiji la Durban, Afrika Kusini.

Walinzi hubadilishwa, kikombe hakibadilishwi. Mlinzi wa mwaka huu ni Chacha, Mtanzania wa Tarime mwenye mabega mapana na maneno mengi.

"Mama, hiki kikombe unakisindikiza kama bibi harusi," alimwambia siku moja. "Unaogopa nitakiiba?"

"Kunywa, Papa Chacha. Chai iko moto, na mdomo yako haijui kupumzika."

Hakumwambia kwamba kama mwizi wa kikombe kile yupo, basi ni yeye mwenyewe. Ndivyo alivyojiona kwa miaka kumi na mitatu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa vita vilipofika kijijini kwao, mashariki ya Kongo. Watu wenye silaha waliwachukua yeye na wenzake, wakawapeleka kwenye machimbo ya dhahabu msituni, na huko wakawa watumwa. Neno jingine hana. Walibeba mawe mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, toka shimoni hadi mtoni, bila mshahara wala siku ya kupumzika. Kila kulipopambazuka walihesabiwa kwa fimbo, pigo moja begani kwa kila mtu. Moja, mbili, tatu. Hesabu ikipungua, waliobaki hawakula.

Mwaka wa pili mapigano yalisogea karibu. Wale waliowalinda walikimbilia kwenye mlio wa risasi, nao wafungwa wachache waliokuwa mtoni wakatua mizigo na kuingia msituni. Walikuwa wamesikia kwamba ng'ambo ya pili ya msitu kuna kambi ya jeshi la kigeni la kulinda amani. Kama jeshi hilo lingewapokea, hawakujua. Mpaka siku hiyo, mtu mwenye bunduki hakuwa amewahi kuwatendea jema.

Walifika siku ya nne, mchana, mvua ikinyesha, mikono juu. Getini alikuwepo askari mmoja tu, kijana mrefu. Aliongea kwenye redio yake, akasubiri, akaongea tena. Kisha akalisogeza geti kiasi cha mtu mmoja kupita, akaanza kuwahesabu kwa Kiswahili cha kuokoteza sokoni. Moja. Mbili. Marie-Louise, aliyekuwa nyuma ya wote, aliisikia hesabu ile ikimjia. Zamu yake ilipofika aliinamisha bega akingoja fimbo. Fimbo haikuja. Askari alitaja namba yake, akachukua kikombe chake mwenyewe kilichokuwa kwenye kibanda cha zamu, akampa, chai ikiwa bado inatoa mvuke. Kwa miaka miwili hakuwa ameonja sukari. Alilia uso ukiwa ndani ya kikombe.

Kesho yake walipandishwa haraka kwenye lori kupelekwa mjini, na lori lilipoondoka kikombe kilikuwa bado mkononi mwake. Kwao, chombo cha jirani kilicholeta chakula hurudishwa na kitu ndani, hata kama ni chumvi kidogo. Yeye hakukirudisha kabisa. Chini ya kitako palikuwa na neno lililokwaruzwa kwa msumari, BLUFF, na kando yake samaki mwenye mikia miwili. Miaka ilipita mpaka dereva mmoja wa malori, huko Lubumbashi, alipomwambia kwamba hilo ni jina la kilima kando ya bandari ya Durban. Alikuwa anatafuta pa kwenda. Akaenda huko.

Alipofika aliambiwa kwamba wanajeshi wengi wakiacha jeshi huwa walinzi. Ndiyo asili ya ile chai ya asubuhi. Alitumaini kwamba ipo siku mlinzi mmoja angegeuza kikombe, akatazama kitako na kusema, mama, hiki ni changu. Naye angemwambia asante aliyoibeba miaka yote hiyo. Siku za Jumapili alipanda teksi mpaka Bluff kwenyewe, akawaonyesha samaki yule wavuvi na wafanyakazi wa bandarini. Walikitazama kikombe, wakamrudishia.

Aliyempata samaki ni Amne, Mtanzania anayemsaidia kukaanga mandazi. Alikuwa amealikwa maulidi huko Bluff, kwa Waislamu ambao mpaka leo huitwa Wazanzibari, kwa kuwa wazee wao waliletwa Durban kupitia Zanzibar baada ya kuokolewa utumwani. Watu walipokwisha kula, wanawake waliosha vyombo na kuvitenganisha, maana kila nyumba huweka alama yake chini ya kitako ili vyombo visipotelee kwenye shughuli za watu. Chini ya masufuria matatu Amne alimkuta samaki mwenye mikia miwili. Marie-Louise alikuwa ameuliza wavuvi, ameuliza walinzi. Hakuwahi kuuliza waosha vyombo.

"Nimeongea na bibi mwenye masufuria, dada," Amne alimwambia alfajiri ya kesho yake. "Alikuwa na kijana mwanajeshi. Alikwenda Kongo."

"Alikuwa?"

"Amefariki. Mwaka wa nne huu."

Asubuhi ile Chacha alipewa chai yake kama kawaida, na kwa mara ya kwanza akaambiwa habari ya kikombe. Hakufanya utani. Alikunywa akiwa amekishika kwa mikono miwili, kisha akavua kofia ya kazi alipokuwa akikirudisha.

Jumamosi, Marie-Louise alikijaza kikombe sukari mpaka juu, akakifunga kwa kile kitambaa cha bluu, wakapanda teksi yeye na Amne kwenda Bluff. Bibi yule, Gogo Rukeya, yaani Bibi Rukeya kwa Kizulu, aliwapokea jikoni. Alifungua kitambaa taratibu. Hakuweza kukigeuza kikombe bila kumwaga sukari, kwa hiyo alipapasa chini yake kwa kidole, na kidole kilipofika kwenye mkia wa pili kikatulia. Samaki huyo, alisema, ni alama ya marehemu mume wake.

Marie-Louise alimweleza yote kwa Kizulu chake cha sokoni: machimbo, fimbo, mvua, geti, na kijana aliyewapitisha mmoja mmoja. Alisema asante kwa niaba ya wote, na ilipokwisha kusemwa alijisikia mwepesi, kama siku walipotua mizigo mtoni.

Ndipo bibi naye akasema lake. Mwanawe, Rashaad, alirudi kutoka Kongo akiwa mtu wa maneno machache, akafanya kazi bandarini, mpaka ugonjwa ulipomlaza. Wiki za mwisho, kwenye homa, alikuwa anahesabu kwa lugha ambayo mama yake haijui. Akifika mahali fulani husimama, kisha huanza upya. Kinyozi mmoja Mkongo wa pale mtaani ndiye aliyemfafanulia bibi kwamba hizo ni namba za Kiswahili, toka moja mpaka kumi na moja. Tangu hapo hakuwa na raha. Mwanajeshi aliyetoka vitani anahesabu nini, kama si watu aliowaua? Miaka minne, kila baada ya swala, alikuwa akiomba mwanawe asamehewe kwa ajili ya watu kumi na mmoja asiowajua.

Amne aliinama, akaanza kulia kimyakimya. Bibi hakumtazama. Alikuwa anamtazama Marie-Louise, vidole vyake vikiwa bado chini ya kikombe.

"Nina swali moja tu, mwanangu. Siku ile getini, mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja, Gogo. Wa mwisho nilikuwa mimi."