Mdogo wangu alimwambia mshauri siri yake, naye akaisema mbele ya ukoo siku ya kuanua matanga

Amahoro wakuu,

Naandika kutoka Rumonge, mwambao wa Tanganyika upande wa Burundi. Nauza vitenge sokoni. Haya niliyaona mwenyewe, na pale ambapo sikuwepo nitasema nani alinieleza. Majina nimebadilisha. Mengine yako kama yalivyotokea. Uzi hauna kichekesho, anayetafuta burudani apite tu, sitamlaumu.

Mdogo wangu nitamwita Nadine. Aliolewa sehemu iitwayo Kizuka, na mvuvi, nitamwita Elias. Wakazaa watoto wawili.

Mwaka jana Elias alitoka na wenzake kuvua ndagala, wale dagaa wa ziwani, upepo ukawakuta katikati ya ziwa. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, na maiti haikuonekana.

Sasa hapa muelewe kitu. Elias alikuwa anampiga Nadine. Sisi tulijua kidogo, ukoo wake ulijua zaidi, na hakuna aliyesema.

Baada ya msiba Nadine hakuwa analala. Alikuwa anaunguza chakula, anasahau mtoto kisimani, anakaa amekodoa macho tu. Majirani wakamwambia aende kwa Prosper.

Prosper ni nani? Zamani alifanya kazi kwenye mradi mmoja wa kusaidia wakimbizi. Walimpa formation, yaani mafunzo, ya siku chache ya kusikiliza watu wenye majonzi, wakampa certificat na gilet ya bluu, kile kizibao cha wafanyakazi wa mradi. Mradi ukaisha, wazungu wakaenda, gilet ikabaki. Prosper akapanga chumba karibu na soko, akaandika mlangoni "Cabinet d'écoute", yaani chumba cha kusikiliza watu.

Na watu walienda, wakuu. Huku kwetu gilet ni kitu kikubwa. Mtu mwenye gilet amewahi kuandika jina lako, amewahi kukupa bâche, turubai la kuezekea, amewahi kukuuliza umelala vipi. Hakuna anayeuliza kama mradi bado upo.

Nisiwe mwongo, Prosper si tapeli. Ni mtu mpole. Anasikiliza kweli. Nadine alienda mara ya kwanza akarudi akalala mpaka asubuhi. Akaenda tena na tena.

Siku moja akamwambia kile ambacho hata mimi dada yake hakuwa ameniambia. Kwamba siku walipomletea habari ya Elias, kabla ya machozi, alisikia afadhali. Na ile afadhali ndiyo ilikuwa inamnyima usingizi.

Basi.

Ikafika siku ya kuanua matanga, sisi tunaita kuganduka. Kwa wasiojua: ukoo unakutana, vinywaji vinaletwa, maneno yanasemwa, na hapo ndipo inaamuliwa nani atamsimamia mjane na watoto watakaa wapi. Mwenye neno linalohusu marehemu analitoa siku hiyo. Ukinyamaza nalo, wanasema umebaki na kilio ndani ya nyumba ya watu.

Mimi nilikuwepo, nimekaa upande wa wanawake. Hema, viti vya kukodi, Fanta na bia za Primus. Mambo yalikwenda vizuri. Juvénal, mdogo wa Elias, alikuwa ameshasema kwamba Nadine atabaki kwenye nyumba yake na watoto wake. Nilimuona Nadine akiinamisha kichwa kushukuru.

Ndipo msemaji wa shughuli akauliza, "Kuna mwingine iko na neno?"

Prosper, aliyekuwa amekaa na majirani waliokuja, akasimama. Na gilet yake.

"Amahoro, wazazi," akasema. "Mimi kwa kazi yangu nimemusikiliza huyu mujane. Iko na uzito mu roho. Marehemu alikuwa anamupiga. Na siku ile walimuletea habari, huyu mama alisikia afadhali. Sasa naomba mumusamehe, naye awasamehe, kilio kiishe muzuri."

Kisha akakaa. Alikaa kama mtu aliyefanya kazi nzuri.

Nilisikia chupa moja ikiwekwa chini.

Mama mkwe wa Nadine ni mama mfupi, hapazi sauti. Akageuka taratibu. "Afadhali?" akauliza. "Mutoto wangu iko mu maji, hata kaburi hana, wewe unasema afadhali?"

Nadine akainamisha kichwa tena, safari hii si kwa kushukuru.

"Ndiyo sababu maiti haikuonekana," akasema Juvénal, yule yule aliyekuwa ametoka kumpa nyumba. "Kumbe tulikuwa tunatafuta mu ziwa, na jibu iko mu nyumba."

Mjomba wangu alijaribu kuongea. "Bandugu, hasira mutoe kwanza, tuko wageni hapa..." Wakamwambia anywe Fanta yake.

Jioni ile uamuzi ukageuka. Watoto wanabaki kwa bibi yao. Nadine anarudi kwao, yaani kwangu. Tulipanda taxi na begi moja la nguo. Yule mdogo wa miaka mitatu alidhani mama yake anaenda sokoni, akamwambia amletee mandazi.

Wiki zilizofuata habari ilishuka pwani yote mpaka Gitaza. Nadine alikuwa anafanya kibarua cha kuanika ndagala kwa mama mmoja. Wanawake wakaanza: "Afadhali amefika! Mama, mufiche bwana zenu!" Na mwingine: "Dada Afadhali, wangu analewa kila siku, nikulipe ngapi?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Waliniambia wenyewe, wakidhani nami nitacheka. Nadine akaacha kazi.

Nikaenda kwa Prosper. Nilienda na hasira zangu zote, nikamkuta amekaa peke yake, hana mteja.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Alikwambia wewe. Hakuuambia ukoo."

"Mama, mimi sikutaka mubaya," akasema, na macho yalikuwa mekundu. "Mu formation walitufundisha: sikiliza, kisha orienter. Kama jambo inakupita, upeleke kwenye iko na nguvu. Mimi nikajiuliza, kwa mujane, nani iko na nguvu kupita ukoo? Nikaorienter kwa ukoo."

"Hawakuwafundisha kunyamaza?"

"Walisema siri ni muhimu. Lakini kuganduka ni kuganduka, mama. Ningenyamaza, ningekuwa nimeficha kilio cha watu."

Nilitaka kumkuta mtu mbaya, nikamkuta mtu aliyepewa nusu ya kazi akaijazia na desturi yetu.

Nikaenda ofisi ya serikali kuuliza nashtaki wapi. Afisa mmoja alinisikiliza vizuri, namshukuru. Akaniambia: "Daktari akikosea, kuna wenzake wa kumuita. Avocat, wakili, vilevile. Huyu wa kusikiliza watu, mama, mimi sijui niandike nini. Hakuiba, hakupiga, hakutukana. Alisema tu."

Nikamuuliza, kwani mtu yeyote anaweza kufungua chumba akaandika mlangoni kwamba anatibu roho za watu?

"Andika na wewe kesho," akasema. Hakuwa anatania.

Fikirieni. Pale sokoni ukiuza dawa zisizojulikana zilikotoka watakufukuza. Hata wenye taxi-moto, hizi pikipiki za abiria, wana chama, dereva akikufanyia ubaya unajua pa kuanzia. Lakini mtu anayeshika kitu ambacho hujamwambia hata mama yako, huyo hana mwenye kumuuliza. Kama kuna sheria nisiyoijua, nirekebisheni, nitafurahi kukosea.

Watoto tulijaribu kuwaomba. Bibi yao alisema jambo moja tu: mwanamke aliyesikia afadhali hawezi kulea damu ya mwanangu. Tunawaona kanisani siku ya Jumapili, kwa mbali. Yule mdogo ameanza kumwita bibi yake mama.

Nadine akazidi kunyamaza. Ndipo nikasikia kuna psychologue, mtaalamu wa mambo ya nafsi, aliyesoma chuo kikuu, anakuja mara moja moja kutoka Bujumbura kuona wagonjwa. Nikambembeleza Nadine. Alikataa, akakataa, mwisho akaniita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, tuende, lakini mimi ndiye nitauliza."

Tuliingia pamoja, aliomba nisitoke. Psychologue alikuwa dada kijana, mpole, bila gilet. Akajitambulisha, akasema yote yatakayosemwa mle yatabaki mle.

Nadine akamuangalia. "Na ukisema inje, nani atakuazibu?"

Yule dada alimjibu ukweli. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Angeweza kudanganya.

"Nilifundishwa kwamba siri ya mgonjwa haitoki," akasema. "Mimi nimejifunga nayo. Lakini ukiniuliza ni nani atanikamata, au atanizuia nisifanye kazi tena, ukweli ni kwamba sijui. Tunaomba kazi yetu iwe na sheria na baraza lake. Bado. Kwa leo nina neno langu tu."

"Murakoze," akasema Nadine, yaani asante. Kwa heshima kabisa. Akasimama, akafunga kitenge chake, akatoka.

Hajaongea na mtu kuhusu Elias tangu siku ile. Hata na mimi.

Nilichojifunza wakuu: huruma peke yake haitoshi. Prosper alikuwa nayo tele. Anayepokea siri za watu anatakiwa awe amefunzwa kazi yote, awe na kibali, na awepo mtu wa kumnyang'anya hicho kibali. Bila hivyo hata yule mzuri aliyesoma anaonekana sawa na wengine, na mgonjwa ana haki ya kuondoka.

Msiniandikie nimpeleke kwa mchungaji, tumeshaenda. Ninyi wa Tanzania, Kenya, Congo, Rwanda: kwenu huyu mtu anasimamiwa na nani? Akitoa siri, anaitwa wapi? Kama jibu la swali la Nadine lipo huko mliko, liandikeni hapa chini. Nitamsomea.