Kundi Letu Lilipouzwa

Mimi na rafiki yangu tulikutana kwenye intaneti kafe moja ya Korogwe, jirani na stendi. Mimi ni wa Kwamndolwa. Yeye kwao ni Chanika, Handeni, na alikuwa Korogwe akisomea ualimu. Siku hizo ukurasa ulifunguka taratibu hadi unasahau ulichokuwa unatafuta. Yeye ndiye aliyenionyesha jukwaa dogo la Wazigua, lililoendeshwa na mzee mmoja kwa kompyuta yake mwenyewe. Halikuwa na matangazo. Mtu anaandika neno la bibi yake, wa Kabuku anabisha, tunacheka mpaka muda wetu wa kafe unakwisha.

Mzee alipofariki, jukwaa likazimika. Sisi wawili tukafungua kundi kwenye mtandao mkubwa ambao kila mtu alikuwa amehamia, tukawa wasimamizi. Humo niliweka sauti ya mama yangu akisimulia hadithi kwa Kizigua, nilizomrekodi akipukuchua mahindi. Baadaye simu ile ikaharibika, na mama akatutoka. Rafiki yangu alikuja mazishini, akabeba jeneza. Kuhusu zile sauti sikuwa na wasiwasi. Zilikuwa kwenye kundi.

Asubuhi moja nafungua simu, kundi silioni. Shangazi yangu, aliyekuwa bado mwanachama, akanitumia picha: jina limebadilishwa, sasa ni kundi la kutabiri mechi kwa wanaobeti. Hadithi zimefutwa zote. Mimi nimeondolewa.

Nilipanda basi hadi Handeni. Nilimkuta rafiki yangu nyumbani kwake akimwagilia mchicha.

“Umeliuza, kaka?”

“Dada, kundi lilishapoa. Halafu halikuwa letu. Lilikuwa la wenye mtandao.”

“Na sauti za mama?”

Akafunga bomba.

“Sikuzikumbuka.”

Angesema alikuwa na shida, pengine ningemwelewa. Lakini kutokumbuka! Mkewe alileta chai, nikaomba radhi, nikaondoka bila kuinywa.

Miezi ilipita. Fundi cherehani mmoja wa Kabuku, mwanachama wetu wa zamani, akanipigia. Alikuwa amefungua seva ndogo na wenzake, kompyuta yao ya kuhifadhi mazungumzo, kwenye mtandao usio na tajiri mmoja: kila seva ina wenyewe, lakini zote zinawasiliana.

“Ukichoka na sisi, unahamia seva nyingine, na wanaokufuata unakwenda nao,” alisema. “Njoo, dada, tubishane.”

Nikaenda. Tulikuwa wachache, na siku ya kwanza tu watu walikorofishana juu ya jina la mvua za mwanzo. Nilicheka peke yangu jikoni, ugali ukashika chini. Ilikuwa furaha ileile ya kafe. Ila kila fundi aliponiomba nimsaidie usimamizi, nilikataa. Na sijaweka humo kitu ambacho sina nakala yake nyumbani.

Juzi yule fundi akaniuliza, “Rafiki yako wa Handeni anaomba kuingia. Nimkubali?”

Nilikaa na ujumbe ule mpaka adhuhuri. Kisha nikamjibu: “Mkubalie. Usimamizi asipewe.”

Aliingia siku hiyohiyo, akaandika neno zuri la Kizigua ambalo wengi wetu tulikuwa tumelisahau. Watu wakamshangilia, wakamwita mwalimu. Mimi akaniandikia pembeni: “Shwari, dada? Siku nyingi.”

Sijamjibu.